Kwapa la jani: siku saba Nairobi

Jumatatu

Treni ilitushusha Syokimau jioni, jua likiwa limeshapoa. Mpwa wangu alikuwa akinisubiri nje ya stesheni, sweta begani, daftari kwapani. "Shikamoo, mjomba." Marahaba. Hata maji sijanywa, akaanza kunieleza shida yake.

Yuko mwaka wa tatu chuoni, anasoma botania. Karibu na anapoishi kuna shule ya msingi yenye klabu ya mazingira, na mwalimu wa klabu amemwomba aandike vibao vya miti ya uwanjani kwa Kiswahili, ili mtoto akisoma aweze kuutambua mti uleule atakapoukuta kwingine. Vibao kumi na viwili tu. Majina alishayapata. Kilichomkwamisha ni maelezo: jani likoje, ua likoje, mwiba umekaa wapi. Mimi riziki yangu ni kusahihisha miswada, na nimezaliwa Kilifi katika nyumba ya mgema. Akaona tukikaa pamoja wiki moja hatutakosa kitu.

Mjini tulishuka matatu tukatembea. Oktoba hii jakaranda zimemwaga maua mpaka lami imegeuka zambarau. Mti huu asili yake ni Amerika Kusini, lakini siku hizi huwezi kuitaja Nairobi ukauacha. Mpwa wangu akaokota ua moja. "Mjomba, lieleze."

Nikasema: la zambarau, umbo la tarumbeta, petali tano.

Akalipasua kwa ukucha toka mdomoni hadi kitakoni. Petali hazikuwa tano zilizoachana. Zilikuwa zimeungana zikawa neli moja, na kilichokuwa tano ni mikunjo ya mdomo tu. Ndiyo maana ua zima huanguka kipande kimoja. Ndani, stameni nne, yaani nyuzi za kiume zinazobeba chavua, zimeshikamana na ukuta wa neli, na katikati kuna uzi wa tano, mrefu kuliko wenzake, una vinyweleo, wala hauna chavua kabisa. "Ukimwandikia mtoto petali tano," akasema, "atakwenda kutafuta petali tano. Ataupita mti huu bila kuuona."

Nililala nikilifikiria hilo.

Jumanne

Asubuhi tulikwenda Arboretum, karibu na Ikulu. Hekta kama 30, zilizoanzishwa 1907 kwa kujaribia miti ya kigeni inayokua haraka, wakati reli ikihitaji kuni za kuendeshea injini. Watu walikuwa wakikimbia mazoezi, na nyani walikuwa juu ya matawi wakiwatazama.

Mpwa wangu alikuwa na ufunguo wa utambuzi. Sikuwa nimewahi kuutumia, kwa hiyo nitaueleza kidogo. Ni mlolongo wa maswali yaliyopangwa mawili mawili. Jani ni sahili, yaani la kipande kimoja, au ambatano, yaani la vipande vingi? Ukichagua moja, unapelekwa kwenye jozi nyingine. Majani yanapishana kwenye tawi au yanakabiliana? Unapelekwa tena. Unashuka hivyo mpaka ufike kwenye jina. Ukikosea njia panda ya kwanza, kila jibu la baadaye, hata liwe sahihi namna gani, linakupoteza zaidi.

Nilipewa mti mmoja mkubwa wenye maua mekundu ya rangi ya moto. Nikatazama: majani mengi, kila moja urefu wa kidole, yamekaa mawili mawili yakitazamana. Nikajibu jani sahili, yanakabiliana, nikashuka na ufunguo kwa dakika kumi nzima, nikaishia kwenye ukoo ambao hata rangi ya ua haikulingana.

"Tafuta kichipukizi," akaniambia. "Kila jani lina kichipukizi pale linapokutana na tawi. Kama hakuna kichipukizi, hilo si jani."

Nikapekua moja baada ya jingine. Hakuna. Nikafuata ule uti wa kijani niliodhani ni tawi jembamba, nikarudi nyuma karibu dhiraa nzima, na pale ulipoungana na tawi lenyewe nikakiona, kidogo kama punje ya mtama. Basi vitu vyote vile nilivyovihesabu kuwa majani vilikuwa vipande vya jani moja.

"Hapo kilipokaa kichipukizi tunapaitaje kwa Kiswahili?" akauliza.

Nikaweka kidole kati ya kikonyo na tawi. Mkono na ubavu. "Kwapa," nikasema. "Kwapa la jani."

Akanitazama kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni. Neno wanalofundishwa chuoni, akasema, limetokana na Kilatini, na Kilatini chenyewe kilimaanisha kwapa. Hawakubuni kitu. Walitazama mmea wakaona mwili wa mtu.

Tukaketi kwenye nyasi akaanza kunifungulia mengine. Ile sehemu ya kike ya ua, pistili, ni mchi wa kutwangia. Ukiitazama ilivyosimama katikati ya ua, unauona mchi kweli. Jani ambatano ambalo vipande vyake vimejipanga pande mbili za uti huitwa kwa neno la unyoya. Lile ambalo vipande vyote vinatoka sehemu moja huitwa kwa neno la kiganja. Maua yaliyokaa yenyewe moja kwa moja kwenye bua, bila vikonyo, ni suke. Yenye vikonyo, yaliyojipanga kwenye bua, ni kichala, kama cha zabibu. Yanayotoka sehemu moja na kuishia usawa mmoja ni mwavuli. Nilikuwa nimekuja na hofu kwamba lugha yetu haina maneno ya kazi hii. Kumbe Warumi waliingia jikoni na shambani kwao, wakachukua vilivyokuwapo. Jikoni kwetu pia kuna mchi.

Neno moja lilitusumbua: kile kipande cha jani ambatano. Kwa kanuni ya kawaida kingekuwa kijani, lakini kijani ni rangi, na kibao kinachosema "kijani ni kijani" hakimfai mtoto. Tukakubaliana kijijani, vijijani. Petali, na sepali zinazolifunika ua likiwa tumba, tumeziacha zilivyo, zimeshaingia madarasani. Chavua ni neno zuri na sitaki mtu aliguse.

Kabla hatujaondoka tulirudi kwenye ule mti. Ni kifabakazi, ambao wengi hapa huujua kwa jina la Nandi. Matumba yake yana maji ndani, watoto huyabinya wakarushiana. Sepali zake hazikuachana, zimeungana zikawa ganda moja lililopinda kama ukucha wa ndege, na ua linapotaka kutoka, ganda linapasuka upande mmoja tu. Nililishika nikahisi kuna neno lake. Nimewahi kulisikia utotoni, kinywani mwa baba. Halikuja.

Jumatano

Marikiti, alfajiri. Mpwa wangu alinikataza kuvaa viatu vyeupe na alikuwa na haki.

Nilitaka kuona namna wauzaji wanavyosema bila kufundishwa na mtu. Mzigo mzima wa ndizi uliokatwa mgombani ni mkungu. Safu moja ndani ya mkungu ni chane. Chane ikitoka, zinabaki ndizi. Ngazi tatu, majina matatu, na kijana anayeshusha mzigo lorini hakosei hata moja kwa sababu bei zake ni mbalimbali. Mahindi vilevile: bua, hindi, gunzi, na juu kabisa mbelewele, ambayo ni maua ya kiume. Ule ushungi wa nyuzi unaochomoza kwenye hindi ni upande wa kike. Kila uzi unakwenda kwenye punje yake, na uzi usiopata chavua huacha pengo kwenye gunzi. Nimekula mahindi miaka yote hii sikulijua hilo, na nimelifurahia kuliko chochote nilichosikia wiki hii.

Kwenye viazi tulibishana na mama mmoja aliyekuwa akipima debe. Mpwa wangu alisema waru ni shina, kiazi kitamu ni mzizi. Mama akasema vyote si vimechimbwa chini? Akaonyeshwa macho ya waru: kila jicho ni kichipukizi, na limekaa kwenye kwapa la jani dogo kama gamba, lisilokua, kwa mpangilio, kama kwenye tawi lolote. Mama akageuza kiazi kimoja, kingine, cha tatu. "Ni kweli yamezunguka," akasema, akaita mwenzake aje aone. Kitunguu nacho tukakipasua hapohapo. Ni vitako vya majani vilivyonona, vimekumbatia shina fupi lililo chini penye mizizi.

"Kastoma, na saga hutaki? Ya ishirini tu."

Tulichukua fungu mbili. Saga ndiyo mgagani wa pwani: jani la kiganja, vijijani vitano mara nyingi, na ua la ajabu ambalo stameni zake zimebebwa juu ya kijiti, mbali na petali, kama bendera mlingotini. Vijijani tukavichemsha usiku.

Alhamisi

Mvua. Hatukutoka asubuhi. Nikampigia baba.

"Shikamoo, baba. Mnazi unapotaka kuzaa, lile ganda gumu linalofunika maua, likipasuka upande mmoja, huitwaje?"

"Karara." Kimya kidogo. "Wewe ulikuwa ukiyachezea mashua. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Yeye ana miaka mingi hajapanda mnazi lakini akashuka nao wote simuni: kuti na uti wake, karara, panda linalobeba maua, halafu kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi, na ndani ya nazi kifuu, nje yake kumbi. Mpwa wangu alikuwa akiandika upesi, kichwa kimeinama. Hatua tano za tunda moja, kila moja na jina lake, na mkwezi huzijua akiwa chini kwa kutazama na kugonga. Baba alipokata simu, mpwa wangu akawa ameshaniletea jina la kisayansi la kifabakazi: Spathodea. Limetokana na neno la Kigiriki ambalo wanabotania hulitumia kwa ganda lilelile la minazi na jamaa zake. Aliyeupa mti huu jina alishika lile ganda la ua kama nilivyolishika mimi Jumanne, akakumbuka karara.

Tukaandika kibao cha kwanza: "Ua linalindwa na ganda moja kama karara ndogo, linalopasuka upande mmoja." Mtoto wa Nairobi hajui karara, hilo ni kweli. Lakini atauliza, na jibu lipo.

Mchana mvua ilipokatika tuliingia uani kwa ajili ya miiba. Hapa Kiswahili kinatupa neno moja, mwiba, na mimea inataka matatu. Mwiba wa waridi umetoka kwenye ngozi ya shina: ukiusukuma kwa kidole gumba unabanduka safi, unaacha kovu tu. Wa bogenvilia umekaa kwenye kwapa la jani, mahali pa kichipukizi, kwa hiyo ni tawi lililogeuka. Ukiuvunja unapasua mti. Wa tatu hatukuwa nao pale, lakini yeye aliuona Nairobi National Park kwenye ziara ya darasa: kuna mgunga mfupi wa udongo mweusi ambao miiba yake hutoka miwili miwili ubavuni mwa kitako cha jani. Hizo ni stipula, vile vijikia vya pembeni mwa jani, zilizogeuka miiba. Baadhi huvimba chini zikawa vyumba, sisimizi wakaishi humo na kuulinda mti, na upepo ukipita kwenye matundu yao mti hupiga mluzi. Tulijaribu kubuni majina matatu, hatukuridhika na hata moja. Tukaamua vibao viseme mwiba wa ngozi, mwiba wa kwapani, mwiba wa ubavuni. Ni maneno mawili badala ya moja, lakini yanamwambia mtoto aweke kidole wapi.

Na zile rangi za bogenvilia si petali. Ua lenyewe ni kijineli cheupe katikati. Yale mekundu na ya machungwa ni majani yaliyojipamba.

Ijumaa

Hebaria, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ya Makumbusho ya Taifa. Hebaria hii ilianzia Amani, Tanzania, mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi 1950. Niliingia nikitegemea harufu ya msitu. Ni makabati, ukimya, na harufu ya karatasi. Mmea ukiletwa hubanwa kati ya magazeti, hukaushwa, hushonwa au kugandishwa kwenye karatasi nene, na pembeni hubandikwa lebo.

Nikiwa msahihishaji nilikwenda moja kwa moja kwenye lebo. Mkaushaji anaweza kuhifadhi umbo la jani kwa karne nzima, lakini rangi ya ua huondoka, harufu huondoka, utomvu hukauka, na hakuna karatasi inayoweza kuonyesha kwamba mti ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Vitu hivyo vinaishi katika lebo tu. Aliyeandika "ua jeupe" pale lilipokuwa la maziwa lenye doa jekundu kooni, ameliua lile doa, na hakuna atakayelifufua.

Nilitoka na uchungu kidogo. Maelezo ya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania yalianza kuchapishwa 1952 yakakamilika 2012, miaka 60, spishi zaidi ya 12,000, kazi ya kuheshimiwa kabisa, na yote kwa Kiingereza. Spishi mpya ikigunduliwa, kanuni ya kimataifa ilidai tangu 1935 ielezwe kwa Kilatini. Kuanzia 2012 inaruhusiwa Kilatini au Kiingereza. Sidai ibadilishwe. Wanasayansi wa dunia nzima wanahitaji mahali pa kukutania. Ninachouliza ni kuhusu mwana wa aliyeuchuma mmea ule, aliyemwonyesha mtafiti njia na kumtajia jina: asome wapi?

Jumamosi

Karura, siku nzima. Msitu wa hekta kama 1,000 katikati ya jiji, na tulipita tukijua tunakanyaga wapi: Januari 1999 Wangari Maathai, ambaye mwenyewe alikuwa mwanabiolojia, alipigwa na kujeruhiwa hapa alipokuja na wenzake kupanda mche kupinga unyakuzi wa ardhi.

Nilimwambia mpwa wangu asinisaidie. Mti wa kwanza: jani sahili, juu kijani, chini rangi ya fedha. Kwa lenzi niliona kwamba fedha ile ni magamba madogo yaliyobanana. Pale bapa linapokutana na kikonyo, tezi mbili kama vichwa vya pini. Msaidizi mmoja wa msitu aliyekuwa akipita akasema "mukindūri huo", na ufunguo ukakubaliana naye. Nilifurahi kama mtoto.

Muhugu ulinichukua muda. Mbao zake wachongaji wa vinyago wanazijua, ngumu, zenye harufu. Kisichojulikana sana ni kwamba uko ukoo mmoja na alizeti. Na ua la alizeti si ua. Ni kichwa chenye maua mamia yaliyokaa kwenye sahani moja, kila moja na pistili yake, na zile "petali" za njano ukingoni kila moja ni ua. Muhugu umevipunguza vichwa vyake vikawa vidogo visivyopendeza, halafu ukagawana: mti huu una stameni zinazofanya kazi, ule una pistili. Kuna mwanamume na mwanamke. Tulizunguka tukitafuta mke na tukampata baada ya robo saa.

Kisha murarachi. Ulikuwa umechanua waridi kuanzia kilele hadi kiuno, na nyuki wakivuma. Nikahesabu petali kumi. Nilikuwa nimejifunza, nikasimama. Tano zilikuwa wazi, nyembamba, zimekunjika nyuma. Tano nyingine zilikuwa na vitone vya zambarau, zimesimama katikati ya petali na stameni. Nikatafuta chavua kwenye ncha zake: hakuna. Stameni za kweli zilikuwa nyingine tano. Basi zile za vitone ni stameni zilizoacha kazi zikavaa nguo za petali, ndugu wa ule uzi wa tano wa jakaranda wa Jumatatu. "Umefika bila mimi," akasema mpwa wangu, akanipa jani lake nilitazame juani. Lilikuwa limejaa nukta zinazopitisha mwanga, kama limetobolewa kwa sindano. Ni tezi za mafuta. Ukoo mzima unazo, akasema, kuanzia huu hadi michungwa.

Mugumo tuliuacha wa mwisho, kwa sababu watoto lazima watauliza maua yake yako wapi. Yako ndani ya tunda. Ile tini ni mfuko uliopinduliwa, maua yamejipanga ukutani kwa ndani, na nyigu mdogo mno huingia kwa kitundu cha nchani kuyachavusha. Tuliandika kibao chake mara nne.

Jumapili

Vibao kumi na viwili vimekwisha. Sitavinakili hapa, ni mali ya watoto.

Stesheni tuliwekeana mtihani: nikiwa njiani ataniletea ujumbe wa mmea mmoja, bila jina, na mimi niutaje. Ulifika tukiwa tumepita Kibwezi, mibuyu imesimama nje ya dirisha bila jani.

"Mti mfupi. Jani sahili, yanapishana. Ukilitazama juani lina nukta. Kikonyo kina mabawa membamba pande zote mbili. Petali tano nyeupe, zimeachana. Una miiba."

Nikamwuliza, miiba ya wapi?

Alikawia. Nadhani alishuka ngazi kwenda kutazama. "Kwapani."

Nikaandika: mlimau.

"Umekaribia, mjomba. Mabawa ya mlimau hayaonekani hivi. Mndimu." Na chini yake picha ya ndimu moja bichi kiganjani mwake, imekatwa pamoja na kikonyo chake.